Ombi la Kubaki Fundi Simu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Umoja wa Wauzaji wa Mtandaoni,
Ukumbi wa juu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi.

KUHUSU: MALALAMIKO SABA NA OMBI MOJA

Ndugu Mwenyekiti,

Naomba radhi kwanza kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako nimekaa nayo siku ishirini. Siku tano za mwanzo nilisema mtoto ana mafua. Kumi zilizofuata mtoto alikuwa amepona, nami nikawa natafuta kisingizio kingine. Hizi tano za mwisho nimekuwa nikiiandika barua hii kichwani huku nikifua, nikipika na kufuta pua isiyo yangu, na kila nikifika kwenye "Ndugu Mwenyekiti" naona kama umeinua macho na kuniangalia. Basi naacha, naenda kuanika nguo.

Najua pia kwamba wewe, kiongozi wa watu wanaouza kila kitu kwa simu, umelazimika kuniandikia kwa kalamu na karatasi, na kumtuma dada Katibu apande ngazi zote za kwetu. Sababu ya shida hiyo iko kabatini kwangu. Nitaifikia kwenye lalamiko la nne. Naomba usirukie huko, maana nimeyapanga kwa utaratibu na ndicho kitu pekee nilichokipanga mwezi huu.

Kwa kuwa hatujawahi kuzungumza vizuri, nijieleze kidogo. Kwa maandishi naweza. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, miezi kumi na minne, ambaye nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu yeye hukaa, nasi sote tunamfanyia kazi. Ndiyo maana na mimi naitwa Mama Bosi. Zamani nilikuwa napanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa, kazi nzuri kwa mtu kama mimi, maana makopo hayakuulizi habari za asubuhi. Alipozaliwa mtoto kazi ile ikaisha, nikaanza kufuma sweta, kofia na soksi za watoto na kuziuza mtandaoni. Ukurasa wangu unaitwa Kumbatio.

Ukinikuta ukurasani, Mwenyekiti, hutanijua. Kule mimi ni "sisi". "Karibu sana mpendwa, timu yetu itawasiliana nawe muda si mrefu." Timu yenyewe ni mimi, na mtoto aliyekalia uzi. Kule natania wateja, nabishana nao kuhusu rangi, hata mmoja nilimkemea kwa upole kwa kumvalisha mtoto kofia ya saizi ya mwaka jana. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, husema: "Huyu kwenye simu anaandika kama wakili. Mtu akibisha hodi anajificha chumbani." Mara ya kwanza aliposema hivyo nilikuwa chumbani, maana kweli kulikuwa na mtu mlangoni.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Kuhusu kijiko. Kila mkutano wetu unaanza na mzunguko wa kujitambulisha. Kila mtu anasimama, anasema yeye ni nani, anauza nini na anatafuta nini. Dakika moja. Ikiisha, mzee mtunza muda anagonga glasi kwa kijiko. Wenzangu dakika hiyo haiwatoshi. Dada wa manukato hugongewa mara mbili na bado anataja matawi. Lakini mimi ni mtu wa sekunde sita, na siku pekee niliyosimama mzee alibaki na zile hamsini na nne, ameshika kijiko hewani, ananitazama kwa huruma, na ukumbi mzima unamsubiri yeye anayenisubiri mimi. Huo ni ukatili, ingawa naamini haukukusudiwa. Anayemaliza mapema naye agongewe mapema.

2. Kuhusu choo. Mkutano wangu wa kwanza, mzunguko ulipobakiza viti vitatu kunifikia, nilikwenda chooni. Nilitarajia mngenipita. Badala yake nilikusikia wewe mwenyewe kupitia ukutani ukisema, "Tumsubiri dada yetu jamani, asikose nafasi yake." Mkasubiri! Watu sitini wamekaa kimya wanasikiliza choo. Dada Katibu akaja kugonga: "Mama, unaumwa?" Nikasema ndiyo. Akarudi, na sekunde chache baadaye nikasikia kwenye kipaza sauti mnanipa pole ya pamoja. Nilitoka biskuti zimeisha. Kwa hiyo nalalamikia utu wenu. Huo utu ungekuwa mdogo kidogo tu, ningekuwa nimeokoka.

3. Kuhusu mpangilio wa viti. Nilijiapiza kwamba mkutano wa pili sitakimbia. Nilifanya mazoezi wiki nzima. Niliyasema maneno yangu kwa sufuria, nikayasema kwa pasi, nikayasema kwa Bosi, ambaye katikati ya sentensi aliondoka kwa kutambaa. Yalikuwa mafupi: "Mimi ni Mama Bosi. Nafuma sweta za watoto kwa mkono. Natafuta shule na maduka." Hata mtoto mdogo angeyaweza, kasoro wangu.

Lakini kwenu watu hukaa kama walivyofika, na siku ile nilifika nyuma ya fundi simu. Unamfahamu, ana kibanda pale kona ya pili kutoka ukumbini, na ana sauti ya mtangazaji wa mpira. Zamu yake ilipofika alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema: "Mimi ni fundi simu! Simu yako ikipasuka, ikigoma, ikizimika kabisa, usilie. Niletee mimi!" Makofi. Akakaa. Nikasimama mimi, na mtoto kiunoni.

Nilifungua mdomo, nikakuta humo ndani hamna kitu. Sweta hazipo, shule hazipo, hata jina langu lilikuwa limetoka kidogo. Kilichokuwepo ni sauti ya yule bwana, bado ya moto. Ndipo nikasikia mtu anasema, "Mimi ni fundi simu."

Nilikuwa mimi.

Kimya. Mzee kijiko hewani. Nikaona niongeze kitu ili kimya kiishe, nikasema: "Usilie."

Fundi wa kweli alinigeukia polepole kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye chumba kingine. Na hapo, Mwenyekiti, ndipo ungeweza kuniokoa. Ulichofanya ni kusimama na kupaza sauti: "Safi sana! Mafundi wawili, na mmoja ni mama, na mtoto mkononi! Hawa ndio watu tunaowataka humu!" Ukumbi ukalipuka. Kuna mtu alipiga mluzi. Bosi naye akapiga makofi, mtoto niliyemzaa mwenyewe, anayejua kabisa kazi ninayofanya.

Nakuuliza kwa heshima: mtu akishapigiwa makofi, anayarudishaje?

4. Kuhusu imani ya wanachama. Mkutano ulipoisha nilikuwa namvalisha mtoto viatu niondoke, wakanifikia watu watatu mfululizo. Dada wa manukato, simu yake imepasuka kioo. Mpiga picha, simu yake haiingizi chaji. Wa tatu ulikuwa wewe. Ulinikabidhi simu ya umoja, ile yenye stika mgongoni, ambayo namba yake iko kwenye kila tangazo letu, ukasema: "Mama fundi, hii tangu juzi haiiti. Watu wanapiga, sisi hatusikii." Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nimesomea wapi. Mnawapa watu simu hivi hivi? Nilitoka mle na mkoba wa nepi wenye simu tatu, nikijiona kama mwizi ambaye ameombwa aibe.

Zile mbili nilizipeleka kimyakimya kwenye kibanda cha fundi wa kweli. Nilimwambia nimelemewa na kazi, anipokee hizo. Alinitazama, akatazama mtoto, akasema tu, "Karibu kwenye kazi, mama," akazitengeneza. Dada wa manukato ameshanisifia kwa watu sita. Yako sikuthubutu kuipeleka, kwa sababu stika ya umoja ingesema yote. Niliizima ili isije ikalia, ingawa ugonjwa wake ni huohuo wa kutolia, nikaiingiza ndani ya soksi ya njano ya mtoto, nikaificha nyuma ya vikombe vya wageni. Katika ufundi nimejifunza neno moja tu mpaka sasa, nalo ni "kesho". Dada Katibu ameniulizia simu mara nne, na mara zote nne nimemjibu hivyo, tena kwa sauti ya fundi kabisa.

Kwa hiyo ndiyo, Mwenyekiti. Umoja mzima wa mtandaoni umekaa karibu wiki nne unaandikiana vikaratasi kwa sababu mimi naona haya.

5. Kuhusu shangazi. Hili ndilo linaloniuma, na naomba ulisome taratibu.

Siku ileile, kabla hatujatawanyika, yule mama mkuu wa shule ya chekechea alisimama mbele. Alisema anatafuta mfumaji wa sweta arobaini, za rangi moja, zifike kabla baridi haijaanza, na kama zikiwa nzuri atafanya hivyo kila mwaka. Akauliza wazi: "Kuna mtu humu anafuma sweta?"

Mwenyekiti, nimekuwa nikiliomba swali hilo tangu nifungue ukurasa. Nililiota. Na lilipokuja nilikuwa nimekaa na simu zenu tatu mapajani, fundi mpya anayeshangiliwa, nikatazama dari kama watu wengine wote.

Akapita kwenye viti kuaga, akasimama kwangu. Alishika ukosi wa sweta ya Bosi, akaugeuza, akatazama mshono kwa ndani kama anavyotazama mtu anayejua. "Hii ni kazi ya mkono. Nani kafuma?" Nikasema, "Shangazi yake." Sijui alitokea wapi. Baba Bosi kazaliwa peke yake, hana dada wala kaka. Yule mama akasema, "Basi naomba namba ya huyo shangazi." Nikasema shangazi haongei sana. Akasema si neno, yeye ataongea. Nikasema shangazi kasafiri. Akacheka, akakuomba wewe uendelee kumtafutia, ukamwambia apige namba ya umoja wakati wowote.

Namba ya umoja unaijua ilipo.

Nyumbani nilipoeleza, Baba Bosi, ambaye hufanya kazi ya zamu kiwanda cha mikate na hapotezi maneno, aliweka kijiko chini akasema, "Yaani umemnyima kazi mke wangu, ukampa dada yangu ambaye hajazaliwa?" Mama mkwe akasema yeye kuhusu huyo binti yake hana habari, ila kama kweli anafuma vizuri hivyo, basi aje kumsalimu mama yake. Wakacheka mpaka Bosi akaogopa. Mimi niliingia jikoni. Uzi wa sweta arobaini ninao, Mwenyekiti. Nilishaununua zamani, wa rangi ya bluu iliyokolea, uko kwenye magunia mawili chini ya kitanda, na kila nikiinama kutafuta kiatu cha mtoto unanitazama.

6. Kuhusu orodha ya mlangoni. Nimeona mmebandika orodha mpya ya wanachama kwenye mlango wa ukumbi. Namba hamsini na saba: Mama Bosi, fundi simu. Mmeiandika kwa wino. Nilimuuliza dada Katibu kwa kikaratasi, kana kwamba nauliza kwa niaba ya mtu, ikiwa jina la kazi limekosewa linasahihishwaje. Akanijibu kwa furaha kwamba ni rahisi sana: kanuni ya tisa, mhusika anasimama mkutanoni na kusahihisha kwa kauli yake mwenyewe.

Kanuni ya tisa ilitungwa na mtu mwenye koo zuri.

7. Kuhusu betri. Na sasa barua yako. Unanialika Jumamosi hii nitoe mada, "Namna ya Kutunza Betri ya Simu", nusu saa, pamoja na maswali. Nimeshindwa dakika moja, mmeniongezea ishirini na tisa! Chini ya hapo umeandika kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kama simu ya umoja imepona ningekuja nayo, na kwamba yule mama wa chekechea Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho ya kusubiri mfumaji. Asipopatikana atanunua sweta za kiwandani. Vitu vitatu kwenye karatasi moja. Niliikunja, nikaifunua, nikaikunja, Bosi akaila kona.

OMBI

Baada ya kuyatafakari hayo yote, nimeona kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusimama Jumamosi mbele ya watu sitini na kusema, "Samahani, mimi si fundi simu, nafuma sweta, shangazi hayupo." Hayo ni maneno machache, nimeyahesabu. Ya pili ni kujifunza ufundi simu.

Nimechagua ya pili.

Usishangae. Nimeipima. Ufundi wa simu watu wanasomea miezi sita. Mimi kusimama na kusema maneno yale, kwa kasi ninayokwenda nayo, nadhani itachukua miaka minne, na hapo Bosi atakuwa chekechea mwenyewe, amevaa sweta ya kiwandani. Kwa hiyo naomba umoja uniache nilivyo kwenye orodha. Wino usifutwe. Mada ya betri isogezwe mbele miezi sita ili nikija nijue betri inakaa upande gani.

Kuhusu sweta, naomba Kamati iteue mtu mwingine awe mimi. Awe na sauti, asiwe na haya, asimame Jumamosi aseme, "Mimi ndiye Kumbatio, nafuma sweta." Akabidhiwe oda yeye. Mimi nitafuma zote arobaini nyumbani, nitamletea, naye atapokea makofi. Dada wa manukato anaweza. Akitaka kuitwa shangazi, familia haina pingamizi, ila itabidi aje kumsalimu mama mkwe.

Kwa ajili ya kazi yangu mpya naomba umoja unisaidie kuanza. Nahitaji bisibisi tano za saizi tofauti, kioo cha kukuzia vitu, taa ya mezani inayopinda shingo, gundi ya vioo, na kile kidude cha bapa wanachofungulia mgongo wa simu. Majina kamili ya zana sijayajua. Kesho asubuhi nitapita kwa fundi wa kweli nimuulize, niyaandike sawasawa kabla sijaituma barua hii.

Nisalimie dada Katibu na magoti yake, najua ngazi zetu zinamchosha. Msalimie mzee wa kijiko, mwambie sina kinyongo naye, nina kinyongo na kijiko. Wasalimie mpiga picha na dada wa manukato, na wote mlionipa pole nikiwa chooni. Mama mkwe anakusalimu. Baba Bosi anakusalimu kwa kichwa, ndivyo anavyosalimu. Bosi angekusalimu ila amelala juu ya bahasha.

Ni mimi, kwa heshima zote na sauti ndogo,

Mama Bosi,
Mwanachama namba 57,
Fundi simu, kwa mujibu wa mlango.

Baada ya kusaini: Mwenyekiti, nimekwenda kuuliza majina ya zana.

Asubuhi hii nilimfunga Bosi mgongoni, nikachukua barua, kalamu na simu yako ndani ya soksi. Nilikuwa nimeamua simu nayo nitamwonyesha fundi, ila kwa mbali. Nilikuta kibandani watu sita kwenye benchi wanasubiri, na redio imewashwa. Nikamnong'oneza majina ya zana. Akauliza kwa ile sauti yake, "Zana za nini tena, mama fundi?" Benchi zima likageuka.

Sijui kilichonipata. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshika karatasi, na kwa karatasi mimi si mwoga. Nikaanza kumsomea kipande kidogo ili aelewe. Akapunguza redio. Mama mmoja kwenye benchi akasema, "Anzia juu, hatukusikia la choo." Nikaanzia juu. Nilisoma kijiko, nikasoma choo, nikasoma "usilie", na hapo fundi alilazimika kuvua miwani aifute. Mzee mmoja aliyekuja kununua kava akasahau kununua kava. Nilipomaliza, fundi akanionyesha saa: dakika kumi na tisa. Hakuna aliyegonga glasi.

Yule mama wa kwenye benchi akauliza, "Sasa wewe hasa kazi yako nini?"

Nikasema, "Nafuma sweta."

"Sema tena, gari limepita."

"NAFUMA SWETA!" Bosi akaamka.

Fundi akanyoosha mkono: "Lete simu ya watu." Nikaitoa kwenye soksi. Aliitazama kwa sekunde tatu, akakisukuma kwa ukucha kile kitufe cha pembeni. Akasema, "Imepona." Haikuwa na ugonjwa, Mwenyekiti. Kuna mtu aliizima sauti. Sisemi nani, ila ilitoka mfukoni mwako. Akaichomeka chaja, akaiwasha, na simu ikaanza kutetemeka mezani kama mtu mwenye homa, ujumbe wa wiki nne ukiingia wote kwa mkupuo. Fundi alisema kila aliyekuwa akiipiga sasa anaarifiwa kwamba inapatikana. Kabla hajamaliza kueleza, ikaita. Kwa sauti. Kwenye kioo: MKUU CHEKECHEA.

Nikamsukumia fundi. Akanisukumia mimi, mikono juu, anasema yeye ana wateja. Benchi likasema, "Pokea!"

Nikapokea. Alidhani ni wewe. "Mwenyekiti, jamani, nimepiga mpaka nimechoka. Yule mfumaji amepatikana?"

Nikasema, "Amepatikana, mama. Ni mimi."

"Wewe nani?"

Nikamwambia mimi ni yule mama mwenye mtoto wa sweta ya njano. "Ah, wifi yake shangazi!" Nikamwambia shangazi hayupo. "Bado yuko safarini?" Nikamwambia hajazaliwa. Nikasikia watoto wanaimba nyuma yake. Kisha akasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, haikuwa na kicheko hata kidogo: "Nisikilize, mama. Jumamosi nakuja na mwenyekiti wa wazazi. Yeye hamuagizi kazi mtu asiyemsikia kwa masikio yake. Ukisimama ukajieleza, tutaongea. Ukienda chooni, nanunua za kiwandani." Kumbe na hilo la choo analijua.

Nikasema nitasimama. Watu sita wa benchi ni mashahidi wangu.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja mpaka saba yawekwe pembeni, na ombi lifutwe lote. Dada wa manukato asisumbuliwe. Bado ni mimi yuleyule, na mpaka Jumamosi zimebaki siku tatu za kujificha. Barua hii na simu ya umoja, ndani ya soksi yake, vinaletwa na mama mkwe. Amekataa niilete mwenyewe, anasema nitafika mlangoni nisome namba hamsini na saba kisha nirudi nayo. Akikueleza chochote zaidi ya salamu, usimwamini.

Vitu ninavyohitaji vitumwe bado ni hivi:

1. Kiti cha kwanza kabisa kwenye mstari, kiandikwe jina langu, nijitambulishe kabla sijasikia kazi ya mtu mwingine yeyote.

2. Ufunguo wa choo cha ukumbini, ukabidhiwe kwa mama mkwe mpaka mzunguko uishe.

3. Kalamu ya wino ya rangi ileile mliyotumia mlangoni.

4. Ile soksi ya njano iliyofunika simu. Ni ya mguu wa kulia, na mwenyewe ameshaanza kuiulizia.

5. Bisibisi moja, ile ndogo kabisa. Nikitoka kibandani nilikutana na mpiga picha, akanipa simu ya mkewe, akashukuru mara mbili, nikashindwa kumwambia. Nitamwambia Jumamosi, nikiwa tayari nimesimama.